Mhariri, msitu na lami si ndugu hata kama rangi zinakaribiana

Kwa Mhariri,

Mimi ni fundi wa rangi za paa huku Kayole, saa zangu nyingi ziko juu ya mabati si mezani, kwa hivyo mnisamehe kama barua hii itaenda kombo hapa na pale. Lakini ile barua mliyochapisha wiki iliyopita ya msomaji wa Kitengela imenikaa kooni kama mwiba wa samaki, nikaona heri niandike kuliko kuendelea kubishana na watu kwa matatu. Huyo ndugu alisoma makala yenu ya setilaiti zinazopima vile ardhi inarudisha mwanga wa jua, akapiga hesabu yake, ati msitu ni mweusi ukiuona kutoka juu, lami nayo ni nyeusi, zote mbili zinameza jua, basi miti inaleta joto sawa na lami na hii kelele yote ya kupanda miche ni pesa ya bure. Akamalizia kwamba setilaiti haidanganyi.

Haidanganyi, sawa, lakini hiyo maneno hakuipata kwa setilaiti, ni yeye ameongezea.

Wacha nianze na kile amepatia, maana si haki kumkanyaga mtu kila mahali. Hicho kipimo wanakiita albedo na si kitu cha kutisha, ni kama umerusha mipira 100 kwa ukuta ukahesabu imekurudia mingapi. Theluji mpya inarudisha kama 80 mpaka 90, mchanga wa jangwa kama 40, nyasi 20 na kitu, msitu mnene 10 mpaka 15, lami iliyomwagwa juzi kama 5 tu, na ikizeeka inapauka inapanda mpaka 10 na zaidi. Dunia nzima ukiichanganya na bahari zake na mawingu yake inarudisha kama 30. Kwa hivyo ni kweli msitu na lami kuukuu ni majirani kwa hiyo orodha. Sasa shida ni kile kinafanyika baada ya jua kumezwa, na hapo ndio ndugu yetu alishuka kabla ya steji yake.

Lami ikishameza jua haina pa kulipeleka. Inapata moto, inakaa nao, jioni inaanza kuutapika pole pole, ndio unatembea kando ya Outer Ring saa mbili usiku na bado vifundo vya miguu vinasikia kama umesimama karibu na jiko. Mti haufanyi hivyo. Mti unavuta maji chini, unayapandisha mpaka kwa majani, na jua lililomezwa linatumika kuyageuza hayo maji kuwa mvuke. Nani amesahau mtungi wa udongo wa nyanya? Ulikuwa unawekwa pale pembeni ukitoa jasho kwa nje, na maji ya ndani yakawa baridi bila friji, na hakuna mtu alikuwa anauliza mtungi ni mweupe ama ni mweusi. Msitu ni mtungi mkubwa. Ingia msitu wa Karura saa saba mchana Februari, halafu utoke usimame kwa lami ya Kiambu Road, utakuja uniambie kama hizo mbili zinalingana.

Nafikiri najua huyo ndugu alitoa wapi hiyo habari. Kuna mahali miti inaweza kuleta joto kweli, ni huko juu kaskazini, Kanada na Urusi, kwa sababu uwanja wa huko miezi mingi umefunikwa na theluji nyeupe inayorudisha karibu jua lote, sasa ukipanda misonobari inasimama juu ya theluji kama mwavuli mweusi na ule mwanga uliokuwa unarudi juu unamezwa. Hiyo iko na imepimwa. Lakini hapa kwetu mti unafunika theluji gani? Theluji yetu iko Mlima Kenya na yenyewe inaisha tukiiangalia. Huwezi kuchukua dawa ya Siberia umpe mgonjwa wa Machakos.

Mimi haya mambo sikuyasoma shuleni. Mpwa wangu anafanya kazi ya kuchora ramani kwa kampuni moja hapa mjini, Jumapili moja alikuja na leptopu nikamuuliza hiyo setilaiti inaonaje paa zangu, akacheka, halafu tukakaa mpaka chai ikapoa. Akanionyesha picha za setilaiti za Landsat, ambazo zilianza 1972, na zile za baadaye kila nukta yake inafunika mita 30 kwa 30 za ardhi, na tangu 2008 zinatolewa bure kwa mtu yeyote mwenye bando. Ukipanga Nairobi ya miaka ya themanini kando ya Nairobi ya saa hii unaona mji unavyokula kijani kama panya anavyokula mkate, kutoka pembeni. Halafu akanionyesha ile ingine inaitwa Terra, iliyorushwa Desemba 1999, hiyo ndio imetegemewa sana kwa hii albedo, na mwenzake Aqua iliyofuata 2002. Terra kwa miaka mingi ilikuwa inapita mida ya saa nne na nusu asubuhi, Aqua saa saba na nusu mchana. Hapo nikacheka mimi, kwa sababu saa nne na nusu ndio mimi nakuwa juu ya paa nikilaani jua, kumbe nilikuwa napigwa picha.

"Anko, hapa ndio kwako," akasema, akaweka kidole kwa kimraba kimoja cha kijivu. Nikamuuliza nyumba iko wapi. Akaniambia hakuna nyumba hapo, hiyo nukta moja ya Terra ni nusu kilomita kila upande. Ndani yake kuna ploti yangu, ploti za majirani, kanisa, ile shamba ya sukuma kando ya mto, barabara, na takataka za sokoni, vyote vimechanganywa vikawa rangi moja kama chai ya maziwa, huwezi kutoa maziwa kando na majani kando. Kwa hivyo mtu akikwambia albedo ya Kayole imeshuka ama imepanda, kwanza muulize ni nini hapo ndani kimebadilika. Mto umefurika? Shamba limejengwa? Mabati yameshika kutu? Namba inaweza kuwa ileile na sababu ni tofauti kabisa.

Na kuna kitu kingine nilikipenda kwa sababu nakijua kwa macho yangu. Ukiwa kwa matatu Jogoo Road asubuhi, kuna mabati yanakupiga mwanga kwa jicho mpaka unafunga, ukisonga mita 20 yamezima, ni mabati ya kawaida tu. Mwanga unarudi kulingana na umesimama wapi na jua liko wapi. Sasa setilaiti nayo ingepita mara moja ingedanganyika vilevile, ndio maana wanakusanya picha za siku 16 kutoka pembe tofauti tofauti kabla ya kutoa namba moja. Tena mawingu nayo yanaziba, na ukijua Nairobi ya Julai unajua kuna wiki jua halionekani kabisa.

Halafu nikamuuliza swali la fundi, je kamera yenyewe ikizeeka? Maana hata brashi yangu ya mwaka jana haipaki vile ilikuwa inapaka. Akasema hapo ndio kazi iko, kamera ya setilaiti ikififia kidogo kidogo kwa miaka 20 utafikiri ni nchi inafifia kumbe ni lenzi. Kwa hivyo wanaigeuza iangalie Mwezi, kwa sababu Mwezi hauna mvua wala mjengo, haubadiliki rangi, na tena kuna kipande cha jangwa la Libya hakina kitu, mchanga tu, wanakiangalia mwaka baada ya mwaka kama mtu anavyoangalia kioo. Hicho kikionekana kimebadilika wanajua macho ndio yamebadilika. Hii kwangu ndio sehemu tamu kuliko zote na kwa makala yenu haikuwa hata na mstari mmoja, si mbaya, nafasi ya gazeti ni ndogo.

Sasa turudi kwa huyo ndugu. Yeye anasoma hivi: ardhi iking'aa ni vizuri, ikiwa nyeusi ni vibaya, mambo kwisha. Basi aende Saheli, ule ukanda wa kusini ya jangwa la Sahara. Miaka ya sabini na themanini ukame ulipiga huko, nyasi zikaisha, ng'ombe wakaisha, ikabaki ardhi tupu. Ardhi tupu inang'aa kushinda nyasi. Mwaka 1975 mwanasayansi mmoja Mmarekani, Jule Charney, alisema hiyo ardhi kung'aa kwenyewe kunaweza kuzidisha ukame, kwa sababu ikirudisha jua sana hewa ya juu yake inapoa, inashuka badala ya kupanda, na hewa isipopanda mawingu yatatoka wapi. Baadaye walipolinganisha picha za setilaiti ya Meteosat, za 1984 na za 2003, wakaona kweli Saheli ya 1984 ilikuwa inang'aa zaidi, halafu mvua iliporudi rudi na majani yakarudi, ardhi ikawa nyeusi tena. Siku hizi wengi wanasema joto la bahari ndio lilichangia zaidi kwa ule ukame, sawa, lakini rangi ilibadilika na setilaiti ikaona. Hapo kung'aa kulikuwa ni njaa. Mfugaji wa Saheli ukimwambia nchi yake imekuwa nyeusi kidogo atakushukuru.

Halafu aende Almería, kusini ya Hispania. Huko wakulima wamefunika bonde zima na nyumba za plastiki za kulimia nyanya na hoho, na jua likiwa kali wanapaka hizo plastiki chokaa ndio mimea isiungue. Kutoka juu linaonekana kama shuka imeanikwa. Watu wakaangalia rekodi za joto za hapo, wakakuta wakati sehemu zingine za Hispania zinazidi kupata moto, pale hewa ilikuwa inapoa kidogo kidogo. Chokaa tu! Mimi nilisikia hivyo nikasimama. Miaka yote hii najiita fundi wa rangi ya kupendeza kumbe nauza baridi.

Kwa hivyo kung'aa kwa Saheli kulikuwa hasara, kung'aa kwa Almería ni faida, weusi wa Karura ni faida, weusi wa paa ni hasara. Hata hapa Kenya, Ziwa Nakuru na Baringo yalipopanda miaka ya karibuni yakameza miti na mashamba ya watu, kutoka juu hiyo ni ardhi kuwa nyeusi, maana maji yanarudisha kidogo sana, lakini muulize mtu wa Baringo aliyehama kama shida yake ilikuwa ni rangi.

Nimesema paa, na hapa ndio nilitaka kufika tangu mwanzo.

Mwaka jana nilipewa kazi ya ploti moja huku kwetu, vyumba kumi na mbili vya mabati vilivyopangwa mstari, siling'i hakuna, ni bodi nyembamba kwa wachache wenye uwezo. Mabati yalikuwa yameshika kutu, yale ya rangi ya ugoro. Landilodi akataka rangi nyeupe kwa sababu alipata ndoo kwa bei nzuri, si kwa sababu ya sayansi, huyo ni mtu wa bei. Nikapiga waya, nikaosha, nikapaka praima, nikaanza nyeupe kutoka upande wa geti. Kwa hii kazi unaanza saa moja asubuhi ukimaliza saa tano, baada ya hapo huwezi kuweka goti hata ukikalia gunia, mabati yanakuchoma kupitia suruali. Nikafika chumba cha sita ndoo zikaisha. Landilodi akasema ngoja mwisho wa mwezi. Basi paa likabaki nusu nyeupe, nusu kutu, kama punda milia aliyechoka.

Siku ya pili nilirudi kuchukua ngazi saa saba mchana, nikapanda mara moja kuangalia rangi imeshika vipi. Nikaweka kiganja kwa nyeupe, nikakiacha. Ni moto kiasi, kama kikombe cha chai unachoweza kushika. Nikasogea hatua mbili nikakiweka kwa kutu, nikakitoa kabla sijafikiria. Paa ni moja, jua ni moja, mwaka wa kuwekwa ni mmoja. Chini yake mama wa chumba cha nne, yule anapika mandazi ndani kwa sababu nje mvua inamsumbua, akaniuliza nimetia nini huko juu, kwa sababu mtoto amelala mchana mara ya kwanza tangu wahamie. Wa chumba cha nane akasikia, akaanza kugombana na keateka kwa nini wa mbele wamepewa na yeye anaachwa, na wote wanalipa kodi ileile.

Kuna wenye watasema wacha mabati yakae bila rangi, mapya yanang'aa vizuri tu. Ni kweli yanarudisha mwanga mwingi, lakini bati tupu likishapata moto haliuachilii kirahisi vile rangi nyeupe inauachilia, na baada ya miaka kadhaa ya mvua na moshi wa huku kwetu mng'ao wote umekwisha. Na nyeupe pia inachafuka, sitadanganya, kati ya vumbi na wale korongo wa Mombasa Road inataka kuoshwa. Na kama unakinga maji ya mvua kwa gata angalia unapaka rangi gani, si kila ndoo ni ya maji ya kunywa.

Wengine wananiuliza, na Julai je, si tutaganda? Julai hakuna jua la kurudisha, ndugu zangu. Wingu limekaa hapo juu mchana kutwa, paa nyeupe na paa nyeusi zote zinapata ubaridi uleule karibu. Tofauti inakuja Januari na Februari wakati jua ni kali kichwani, na hiyo ndio miezi watu wanalala nje kwa korido.

Kwa hivyo hasira yangu ya kweli si kwa msomaji wa Kitengela. Kuna esteti moja, siitaji jina, mwenye nyumba aliniita nimpakie nyeupe, nikapaka upande mmoja, kamati yao ikaja na barua ati paa zote lazima ziwe ile rangi ya makaa ndio zifanane, nikalipwa nusu nikarudi kupaka nyeusi juu ya nyeupe yangu mwenyewe. Sijawahi kufanya kazi ya aibu kama hiyo. Na si wao peke yao, angalieni nyumba mpya zote kutoka Ruai mpaka Syokimau, makaa, makaa, makaa, hiyo ndio fasheni, watu wanachukua mkopo wa miaka 20 kujinunulia sufuria ya kukaa ndani, halafu wananunua feni. Mji wa watu zaidi ya milioni nne, kila mtu akichagua makaa, setilaiti itaona, hata kwa nukta za nusu kilomita.

Ombi langu kwenu Mhariri ni dogo. Mkirudia ile makala, chapisheni picha mbili za Nairobi, ya zamani na ya saa hii, na mtu wa kuzieleza. Hamhitaji kwenda mbali, hapo Kasarani kuna kituo cha ramani za setilaiti cha nchi za ukanda huu kilichoanzishwa 1975, na nchi yenyewe tumerusha setilaiti yetu, Taifa-1, Aprili 2023. Na mnaweza kuuliza wale wenye wanapitisha ramani za nyumba huko kaunti kama kuna sheria inayokataza paa nyeupe, kwa sababu mimi kila kamati ninayoikuta inaniambia iko na hakuna hata moja imewahi kunionyesha karatasi.

Ile ploti ya nusu nusu bado iko vile. Landilodi amesema atanunua ndoo zilizobaki baada ya Krismasi. Wa chumba cha nane amehamia chumba cha tatu.

Fundi wa paa,
Kayole, Nairobi